Mama Aliyechora Mashimo

Wanasema lisemwalo lipo. Mimi nakataa, na nakataa kwa sauti. Katika ofisi yetu ya michoro hapa Goma, hadi leo kuna watu wanaosema kwamba Mama Chef ndiye aliyezamisha citerne, tangi la maji la ile maternité ya kujifungulia kule Munigi. Wanalisema wakinywa chai yao ya maziwa, wanalisema mbele ya wageni, na juzi nilimsikia mfanyakazi mpya, ambaye hajawahi hata kumwona, akilisema huku anacheka. Uongo mtupu. Nilikaa meza iliyopakana na ya kwake kwa miaka mingi, na kwa kuwa hakuna mwingine anayetaka kufungua mdomo, nitasema mimi alikuwa mtu wa namna gani. Nitasema na mabaya yake, maana hakuwa malaika. Mgala muue na haki yake umpe.

Chef lilikuwa jina la kazi yake, mkuu wa wachoraji, na Mama ilikuwa heshima. Basi kila mtu, kuanzia Directeur hadi mlinzi wa geti, alimwita Mama Chef. Ofisi yetu huchora shule, vituo vya afya, masoko. Tukishamaliza kuchora, kazi haiishi: mchoro unakabidhiwa kwa watu wa maji, kisha watu wa umeme, kisha wale wanaojenga. Wengi wetu tuliona kukabidhi ni kutuma tu, unabonyeza, unakwenda nyumbani. Yeye kwake kukabidhi ndiko kulikuwa kazi yenyewe, na hapo alikuwa moto wa kuotea mbali.

Kwa asiyejua mambo yetu, mchoro wa kompyuta si karatasi moja. Ni karatasi nyingi zinazopitisha mwanga, zimelaliana moja juu ya nyingine, nasi tunaziita calque. Kuta zina calque yao, milango ina yake, mabomba yana yake, nyaya zina yake. Unaweza kuonyesha hii na kuficha ile. Mchoraji mvivu hutupa kila kitu katika calque moja, kisha mtu wa umeme anapotaka kuondoa milango ili aone nyaya zake, anaondoa jengo zima. Anabaki anaangalia kioo cheupe.

Kulikuwa na kijana mmoja, ingénieur, mhandisi mwenye diploma mbichi, aliyezipa calque majina kama yalivyomjia kichwani. Moja aliiita Test, nyingine Test Nzuri, na ya mwisho, ambayo aliichora siku ya kukabidhi umeme ukiwa unakatika kila mara, aliiita Mungu Saidia. Mama Chef alifungua mchoro ule, akavua miwani, akaivaa tena.

“Mungu Saidia ni nini?” akamuuliza.

“Ni mabomba ya maji machafu, Mama Chef.”

“Mutu wa maji atajua je? Atafunga macho aombe?”

Ofisi nzima tulicheka hadi machozi, na kijana naye akacheka kwa kujikinga. Mama Chef hakucheka. Alimkalisha pale mchana kutwa hadi calque zote zikapata majina ambayo mtu wa mbali, asiyetujua, angeweza kuyaelewa. Jioni ile kijana alipita mezani kwangu akamtukana kwa sauti ya chini, na nilimwelewa. Mwenyewe nilikuwa nimeshamtukana hivyo hivyo mara nyingi.

Maana alikuwa mkali, na ukali wake haukuchagua mahali. Siku moja alinikaripia mbele ya wateja kwa sababu nilipaka ukuta wa zamani rangi ya ukuta mpya. Alinikaripia kama mtu aliyekuta mbuzi shambani. Nilimchukia wiki nzima. Hakuomba radhi, hakujua njia ya kuomba radhi, ila kesho yake nilikuta juu ya kibodi yangu sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, wamekaangwa na kufungwa katika karatasi ya mchoro uliokosewa. Mafuta yakaingia kwenye herufi. Nilimwambia ameharibu kibodi, akanijibu basi nikawalie nje.

Na mtu huyu aliyepanga calque za wengine kwa mstari, ungeuona mkoba wake ungeshika kichwa. Funguo, rozari, mabaki ya mikate, vipodozi, tepu ya kupimia, vyote vimefungana kama nywele za asubuhi. Simu ikilia mle ndani ilikata kabla hajaifikia. Alitufundisha kugawana kila kitu, “mafaili si ya baba yako,” lakini chaji ya kompyuta yake hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata kama batri yako imebakiza pumzi moja. Kwaya ya parokia yao ilimshinda, akagombana nao juu ya mpango wa viti, sauti ya pili imekaa wapi na ya tatu imekaa wapi, hadi wakamwomba kwa upole aimbe akiwa miongoni mwa waumini. Aliona wamemkosea. Alikuwa anatusimulia jambo hilo kila Jumatatu, na kila Jumatatu sisi tunasema pole.

Kuna jambo lake moja, hata wale wanaomsema vibaya leo hawawezi kulikana. Hakutuma mchoro kwa mtu. Anayeupokea alitakiwa kuja. Mama Chef alisimama, akampa kiti chake mwenyewe, mgeni akakaa mbele ya kompyuta, yeye akajitenga dirishani mikono nyuma, kimya. Mgeni alipaswa kutafuta peke yake: maji yanaingilia wapi, mlango wa nyuma uko wapi, nini kinabomolewa na nini kinabaki. Akiuliza swali lolote, hata dogo, Mama Chef hakujibu. Alisema tu, “Bon, haijaiva,” akachukua mchoro, akaurudia. Alisema mwenye kuchora anaweza kufa leo, na mwenye kujenga hana nafasi ya kwenda makaburini kuuliza.

Wakuu wa timu nyingine walichukia kiti kile. Waliona wanatahiniwa. Wengine walikuja na uso wa kununa, na wengine walianza kusema kwamba ofisi yetu inachelewesha miradi. Lakini sikumbuki jengo hata moja lililopita kwenye kiti kile ambalo fundi alituita tena kuuliza.

Sasa nifike kwenye mashimo.

Huku kwetu, mtu hajengi juu ya udongo. Anajenga juu ya moto uliopoa. Na mawe yale ya volkano yana hila: juu yaliganda kwanza, chini yakaendelea kukimbia, yakaacha mapango matupu yenye dari nyembamba. Munigi na Kibati kuna mahali unatembea juu ya nyumba tupu bila kujua. Ongeza na vyoo na visima vya watu wa zamani ambavyo mawe yalivifunika, na vyoo vya juzi ambavyo wenyewe waliviziba kwa mabati wakahama. Katika kanuni za calque tunazoletewa na wafadhili, kuna calque ya bustani, kuna calque ya magari yaliyoegeshwa, kuna hata calque ya vivuli vya miti. Ya mashimo haipo. Anayeziandika kanuni hizo hajawahi kuona ardhi ikimeza ndoo.

Mama Chef aliitunga mwenyewe. Aliipa rangi nyekundu, na wakati calque nyingine zote zina majina ya Kifaransa, hii aliiita MASHIMO. Mtaalamu mmoja wa kigeni alimuuliza kwa nini hakuandika Kifaransa kama nyingine.

“Juu benye kuangukia mule banasema Kiswahili,” akamjibu, na mimi nikapewa kazi ya kumtafsiria kwamba wanaoangukia mle husema Kiswahili.

Kuijaza calque ile alikwenda mwenyewe. Alikaa nyuma ya pikipiki na kitenge chake na viatu vya plastiki, akafika kwenye kiwanja, na hakuanza kwa kupima. Alianza kwa wanawake wa pale. Aliwauliza maji ya kufulia wanayamwaga wapi. Wanawake walimwonyesha, hapa yanakaa, hapa yanatembea, na hapa, mama, hapa yanapotea hata tukimwaga pipa. Pale yanapopotea ndipo alipotoa tepu yake. Niliwahi kumfuata Munigi siku alipopima kiwanja cha maternité. Bibi mmoja mwenye mtoto mgongoni alimwonyesha mahali nyuma ya jengo la zamani ambapo maji hupotea kwa sauti, akasema watoto wake hawachezi pale. Mama Chef alichora doa kubwa jekundu, na madogo mengine pembeni. Niliona anachora. Nilishika ncha ya tepu.

Mchoro ulipokamilika, Directeur aliuangalia akakunja uso. Madoa mekundu hayakumpendeza.

“Mama Chef, hizi vidonda ni za nini? Bafadhili bataogopa.”

“Baogope sasa,” akajibu, “kuliko kuogopa kisha.”

Alikataa kuyaondoa. Kisha ikaja siku ya kukabidhi kwa timu ya maji, wale waliokuwa wachague mahali pa kujenga citerne. Ingénieur wao hakuja kukaa kwenye kiti. Alimtuma motard, mwendesha pikipiki, na flash ya kubebea mafaili. Mama Chef alimwangalia motard, akamuuliza kama yeye ndiye atakayejenga citerne, kijana wa watu akasema hapana, akarudishwa na flash tupu. Nakumbuka tulicheka tena. Kumbe saa ile ile Directeur, ambaye hakutaka kugombana na timu ya maji, alinakili mchoro kwenye flash yake akawapelekea mwenyewe. Bila neno. Bila kiti.

Walichofanya kule, nimekikusanya baadaye kwa wachoraji wao wenyewe, na walinieleza bila aibu. Walikuwa na kikao na wafadhili, wakaona ule wekundu unachafua ukuta wa kuonyeshea, basi wakaigandisha calque ya MASHIMO. Kugandisha ni kuificha kabisa: haionekani, na pia haiguswi na amri yoyote. Baada ya kikao wakasahau. Halafu wakataka kuunganisha mchoro wetu na ramani yao kubwa ya mabomba, na kwa kuwa ramani yao ilianzia pengine, wakakamata mchoro wote na kuusogeza ili ukae mahali pake. Kuta zikaenda. Milango ikaenda, barabara ikaenda, ua wote ukaenda. Mashimo yakabaki yalipokuwa, kwa sababu kilichogandishwa hakisogei. Mwisho, siku ya kuchapisha mchoro kwa fundi, mtu akafungua calque zote, mashimo yakaonekana tena, yamekaa vizuri kabisa kwenye migomba ya jirani. Na nyuma ya jengo la zamani, pale maji yanapopotea kwa sauti, karatasi ikawa nyeupe safi. Wakajenga citerne pale.

Ilijazwa maji, padri akaja kuibariki. Haikumaliza msimu wa mvua. Asubuhi moja mlinzi aliikuta imeinama, sakafu yake imepasuka, maji yote yamekwenda chini. Hakuna aliyekufa, Mungu asifiwe. Lakini kwa miezi akina mama waliokuja kujifungua walikuja na bidon, madumu yao ya maji ya njano, tumbo mbele, bidon mkononi. Niliwaona. Nikikumbuka hadi sasa damu inanichemka.

Kikao kiliitwa. Ingénieur wa maji alionyesha mchoro ukutani, akaweka kidole kwenye migomba. “Shimo iko hapa. Njo pale Mama Chef aliichora. Calque yake ilitudanganya.” Alisema kwa sauti ya huzuni, kama mtu anayemhurumia.

Mama Chef alisimama. Hakupiga kelele, na mimi niliyezoea kelele zake nikaogopa.

“Calque yangu haikutembea,” akasema. “Plan njo ilitembea, ikaiacha. Pima kutoka shimo mupaka citerne, kisha pima mulisogeza plan mbali namna gani. Ni kipimo kimoja. Pima tu.”

Hakuna aliyepima. Directeur, aliyekuwa ameipeleka flash kwa mkono wake, alikuwa anasoma simu. Nilisimama kusema nilishika tepu siku ile, nikaambiwa nikae, hili ni jambo la wakubwa. Siku chache baadaye Mama Chef alipewa barua ya kufukuzwa kwa uzembe. Uzembe! Yeye aliyekataa kumpa motard mchoro. Aliondoka na mkoba wake ule, na chaji yake.

Nisikilizeni vizuri, maana hilo bado si baya kuliko yote. Baya kuliko yote ni kwamba baada ya kumfukuza hawakuurekebisha mchoro. Kuurekebisha kungekuwa kukubali. Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo walivyofanya. Mchoro wenye mashimo kwenye migomba ukaendelea kutembea, timu moja hadi nyingine, na kila timu ikivuta calque ile nyekundu kidogo kwa kuona haijakaa sawa, mwingine akafuta doa moja, mwingine akalipunguza. Nakala ya kwanza ofisini ilishafunikwa na hiyo mbovu. Ikafika siku hakuna aliyejua tena yalianzia wapi.

Kisha maternité ikapata mfadhili wa jengo jipya, chumba cha kungojea. Ni la wanawake wa mbali, wa Kibati na kuendelea, ambao siku zao zimekaribia na hawawezi kushuka usiku. Wangelala pale kungojea uchungu. Nilipewa mchoro niupange kwa ajili ya fundi, nikaufungua. Chumba kilikuwa upande wa nyuma, kimetandazwa juu ya mahali ambapo nilijua, kwa macho yangu, palikuwa na mashimo mengine yaliyopakana na lile la citerne. Nilikwenda kwa Directeur. Safari hii hakusoma simu. Alifunga mlango.

“Yeye eko na plan ya mwanzo?” akauliza.

“Atakuwa nayo.”

“Enda umuombe. Polepole, bila makelele.” Nilikuwa nimeshashika kitasa aliponirudisha. “Na pale ku cartouche, jina yake itoke. Client hataki kuona ile jina.”

Cartouche ni kile kisanduku kwenye kona ya mchoro, ambamo huandikwa jengo ni la nani na aliyechora ni nani. Alitaka kazi yake, bila yeye. Nilitoka nikiwa nimekasirika hadi nikapita gari letu bila kuliona.

Nilimpata Mama Chef kule Kituku, ufukweni mwa ziwa, asubuhi, kwenye samaki. Nilikuwa nimeambiwa anakaa kwa dada yake huko, anachorea watu ramani za viwanja vyao. Alikuwa amekonda, lakini sauti niliisikia kabla sijamwona, anamgombeza muuza sambaza kwa kuchanganya wa jana na wa leo katika beseni moja.

“Papa Divine!” akasema aliponiona, Divine ni binti yangu wa kwanza. “Umefuata samaki ao umenifuata miye?”

“Nimekufuata weye, Mama Chef.”

“Chef ya nini? Chef ya sambaza?”

Tulikaa kwenye ubavu wa mtumbwi uliopinduliwa, nikamweleza yote. Aliposikia chumba cha kungojea kimewekwa wapi, alishika mdomo.

“Bamama ba mimba balale pale?”

“Ndiyo.”

“Chantier imeanza?”

“Fundi anakaza kamba leo.”

Akaingiza mkono kwenye mkoba, akachakura hadi nikadhani hataipata, akatoa flash. Aliishika kwenye kiganja. Hapo nikamweleza na lile jingine, la cartouche. Nilimwambia waziwazi kwamba mimi ningekuwa yeye ningekataa.

Alifunga kiganja juu ya flash. Niliona macho yake yanajaa, na kwa miaka yote ile sikuwahi kuona machozi yake.

“Banifukuze kazi, sawa,” akasema. “Kazi ni ya bo. Lakini hata mu kazi yangu mwenyewe banitoe? Kila nilichokuwa nacho ni jina hiyo, Papa Divine. Balisema miye niliweka shimo kwa migomba. Sasa banataka shimo irudi pahali yake kimya-kimya, na miye nibakie kwa migomba.” Akafuta uso kwa ncha ya kitenge. “Hapana. Directeur haioni hii flash.”

“Na bamama?” nikauliza, maana niliogopa. Nilikuwa nimetaka akatae, na sasa amekataa.

Alinitazama kwa jicho lile lile la ofisini.

“Directeur njo anajenga? Anajenga ni fundi. Ita bamotard babili.”

Tulipitia Birere kwenye kioski cha kuchapisha, akachapisha mchoro kwenye karatasi kubwa, rangi zote. Kwenye kona jina lake lilikuwa limekaa. Kisha tukapanda Munigi, pikipiki mbili zikifuatana katika vumbi jeusi, karatasi imekunjwa chini ya kwapa lake.

Fundi mkuu alikuwa mzee wa Rutshuru, mrefu, taratibu wa maneno. Alikuwa ameshapigilia vigingi na kukaza kamba kuzunguka mahali pa chumba. Akina mama waliokuja kupimwa walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta na makaratasi yao mapajani. Mama Chef alimsalimia vizuri, akakunjua karatasi juu ya rundo la mawe. Mzee akaiangalia, akatikisa kichwa.

“Mama, miye nafuata plan ya bureau. Yako haina cachet, haina muhuri.”

“Haina cachet. Iko na shimo.”

“Heshima yako, Mama. Lakini nikisimamisha kazi, batanifukuza.”

“Na miye balinifukuza, Papa. Mutu hafi juu ya ile.” Akatoa tepu. “Nisaidie tu na barre yako. Kama niko mwongo, nitaenda na nitakuomba radhi mbele ya hawa bamama.”

Mzee alifikiri, akachukua mtaimbo wake. Nilishika ncha ya tepu kwenye kona ya jengo la zamani, Mama Chef akaenda nayo hadi ndani ya kamba, akageuka, akapima tena upande wa pili, akasimama. Alivua kiatu kimoja, akakiweka pale chini kama alama.

“Piga hapa.”

Simu ililia mfukoni mwangu. Ilikuwa Directeur. Niliiacha ilie.

Mzee akapiga. Ilikuwa sauti ya jiwe, na mmoja wa vibarua akacheka. Akapiga tena, na safari hii sauti ikawa ya debe tupu. Kicheko kikakatika. Mzee alitema mate viganjani, akauinua mtaimbo juu kabisa, akaushusha, na ukapita. Ulipita kwenye viganja vyake kama haukuwahi kushikwa, tukabaki tunasikiliza, na tulikuja kuusikia ukigonga chini baada ya muda mrefu kuliko ambavyo yeyote kati yetu alitaka. Akina mama ukutani walisimama. Mmoja wao aliweka mkono tumboni.

Mzee alijiangalia mikono. Kisha akaichukua ile karatasi kwenye rundo la mawe, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

“Sina miwani,” akasema. “Nani alichora hii?”

Mama Chef alisimama wima, mguu mmoja na kiatu na mwingine bila, akayasema majina yake yote matatu, la ubatizo, lake na la baba yake, kwa sauti ya juu ambayo ilifika hadi kwenye chumba cha kujifungulia. La mwisho lilitetemeka. Mzee aliyarudia taratibu, moja moja, ili asiyakosee. Kisha akainama mwenyewe, akang’oa kigingi cha kwanza, akaanza kuikunja kamba.